Kopo la Majirani

Tarehe 3 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote waliomo humu ndani. Hujambo? Na kaka yangu mgongo wake unaendeleaje, bado anatembea kama mtu aliyedondosha sindano na anaitafuta? Mwambie dada yake anamwombea kila anapopiga magoti, na kwa baridi hii nimemwongezea dua. Sisi huku ni wazima. Huko kwenu najua simu haishiki mtandao, ndiyo maana nimeifunga barua kwenye mshikio wa keni ya maziwa kama kawaida yetu. Dereva wa gari la mboga ameshazoea, siku hizi ananiita mama posta.

Kwanza nikushukuru. Tangu nianze kugandisha mtindi, maziwa yako ndiyo yaliyoniinua. Jiko la hospitali wanachukua ndoo kila asubuhi. Kuna wagonjwa wanakataa kila kitu, lakini kikombe cha mtindi wangu wanakipokea. Nikisifiwa najua moyoni kwamba nusu ya sifa ni zako na nusu ni za Mke Mwenza. Huwa nacheka peke yangu nikikumbuka ulivyompa yule ng'ombe jina hilo, eti kwa sababu mumeo akiamka humsalimia yeye kabla yako.

Sasa wifi, kuna jambo dogo. Mtindi wa juzi haukuganda. Wa jana nao haukuganda. Nikadhani chachu yangu imezeeka, nikaomba nyingine kwa mwenzangu. Leo nafunua sufuria, maziwa yananitazama vile vile nilivyoyaacha. Vyombo nimeviosha kwa maji ya moto mpaka mikono imechubuka. Sina mashaka na wewe hata kidogo. Nauliza tu, huko hakuna mtu anayeongeza chochote kwenye keni? Mtu huweza kusuuza chombo akasahau maji ndani.

Mungu akulinde.
Wifi yako wa mjini


Tarehe 6 Machi

Wifi yangu wa mjini,

Barua imefika salama, na ile sabuni uliyoifunga kwenye gazeti nimeiona, asante sana. Kaka yako ameinusa akasema hiyo ni ya kuogea wageni. Nimeificha asije akajifanya mgeni.

Tunaendelea vizuri kwa neema za Mungu. Mgongo wa kaka yako uko pale pale, anatoa amri akiwa amelala kama jemadari.

Kuhusu maziwa. Niliisoma barua yako, nikaiweka, nikaenda kukamua, nikarudi nikaisoma tena. Unauliza kama kuna mtu anaongeza chochote. Huku bandani niko mimi peke yangu, kwa hiyo huyo mtu ni mimi. Wifi, maji sijatia. Keni nazisuuza, nazigeuza kichwa chini kwenye kichanja, zinakauka juani ndipo nazitumia. Mungu ananiona, na hilo linanitosha.

Labda ni baridi. Funika sufuria kwa blanketi.

Mengine ni ya kawaida. Mke Mwenza alivimba kidogo chuchu moja ya nyuma, nimemkanda kwa maji ya moto, anaendelea vizuri. Usidhani nimekasirika. Mtu aliyenisomeshea mtoto mpaka akamaliza siwezi kumkasirikia kwa sababu ya sufuria moja.

Wifi yako wa bandani


Tarehe 11 Machi

Wifi,

Leo sina maneno mengi. Keni moja inakurudia ikiwa imejaa. Usilichukulie vibaya, nimeirudisha ili uyaone mwenyewe. Nimeyafunika blanketi, nimeyaweka karibu na jiko, nimebadilisha chachu tena. Hayagandi.

Mpishi mkuu wa hospitali amesimamisha mtindi wangu. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema, "Mama, sisi tunalisha watu wasio na nguvu. Siwezi kuwapelekea kitu ambacho hata wewe mwenyewe hujui kina nini." Nimerudi na ndoo yangu kichwani, imejaa kama nilivyoondoka nayo.

Nikatia maziwa kwenye chupa, nikaenda ofisi ya mifugo, ile ya nyuma ya soko. Daktari ni binti tu, amevaa buti za mpira zenye tope mpaka magotini. Sijamaliza hata kueleza akaniuliza, "Huko yanakotoka kuna ng'ombe anayetibiwa?" Nikasema hapana, kuna mmoja amevimba, anakandwa kwa maji ya moto. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyesema mbwa amekula daftari. Akasema, "Muulize wifi yako tena."

Basi nakuuliza tena.

Wifi yako wa mjini


Tarehe 13 Machi

Wifi yangu,

Dereva alipoishusha ile keni imejaa, alishusha na macho yake. Kaka yako akauliza kutoka ndani, "Maziwa yamesahau nini huku?" Nikamwambia anyamaze, asije akaumwa ulimi pamoja na mgongo. Kisha nikaenda nyuma ya banda nikalia kidogo, nikamaliza.

Umeuliza tena, nami nakujibu yote. Nilinyamaza kwa sababu una mzigo wako huko, sikutaka nikuongezee wa kwangu. Chuchu ya Mke Mwenza haijavimba kidogo tu kama nilivyokuandikia. Imekuwa ngumu kama jiwe, inachoma ukiishika, na ukikamua yanatoka mabonge na majimaji ya njano. Dawa nimemtia. Ni vile vibomba vidogo, unaingiza ncha yake kwenye tundu la chuchu unasukuma.

Sijui kama nimewahi kukusimulia habari za kopo la majirani. Kwenye nguzo ya uzio, hapo tunapokutana sisi na fundi seremala na mama mshonaji, tumening'iniza kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko. Mtu akinunua dawa ya ng'ombe, ng'ombe akianza kupata nafuu hamalizi dawa. Inayobaki anaiweka koponi kwa ajili ya mwenzake. Vibomba vimo, chupa za sindano zimo, vidonge vimo. Ng'ombe wako akiugua huhangaiki, unakwenda koponi. Wifi, mimi nimeona majirani wanaopelekana kwa mwenyekiti kwa sababu ya kuku. Sisi tunagawana dawa. Kila nikipita kwenye ile nguzo nasema asante Mungu kwa watu ulionizungushia.

Basi nilichukua vibomba koponi, uvimbe ukashuka, vilivyobaki nikavirudisha maana mama mshonaji naye ana ng'ombe mwenye kiwele kibovu. Uvimbe ukarudi. Nikachukua vya rangi nyingine. Ukashuka, ukarudi. Sasa haushuki tena hata nimtie nini.

Lakini maziwa ya chuchu ile sijakuletea hata tone moja. Hayo nakamulia chini. Ninakuletea ya chuchu zake tatu nzima, nachanganya na ya wale ng'ombe wengine wawili. Kwa hiyo dawa siyo sababu, mwambie huyo daktari wako.

Tangu jana hali kitu. Amesimama ameinamisha kichwa, na kaka yako amenyamaza, jambo ambalo wewe dada yake hujawahi kuliona. Leo asubuhi amesema tumwite mchinjaji kabla hajakonda. Atakuja Jumamosi. Wale wawili waliobaki maziwa yao hayajazi hata keni moja, kwa hiyo tafuta kwingine, wifi, usijikwamishe kwa ajili yetu. Umetubeba vya kutosha.

Wifi yako wa bandani


Tarehe 14 Machi

Wifi,

Mchinjaji asifike. Nimempelekea daktari barua yako, ameisoma amesimama mlangoni, hakukaa. Kesho anakuja na gari la mboga.

Amesema usimpe dawa nyingine yoyote, hata ukiletewa na malaika. Ile chuchu mbovu ikamue mara kwa mara, maziwa yake uyafukie mbali, asipewe ndama wala mbwa. Maziwa yake ya chuchu zote, narudia, zote, yasiingie kwenye keni. Na asichinjwe, maana nyama yake nayo ina dawa. Kopo mlishushe lakini msitupe kilichomo, anataka kukiona.

Nilikufikiria vibaya, wifi. Sikulitamka lakini wewe ulilisikia. Nisamehe. Tutaongea vizuri mgonjwa akipona.

Wifi yako wa mjini


Tarehe 22 Machi

Wifi yangu, uliyenifikishia daktari mpaka bandani,

Hujambo huko? Nakuandikia nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, bandani, na Mke Mwenza yuko mbele yangu anacheua. Kucheua tu, wifi. Sikujua kwamba ipo siku ningemwangalia ng'ombe anatafuna niseme nimebarikiwa.

Daktari alifika ameketi juu ya magunia ya kabichi. Sikumwamini mwanzoni, nakuambia kweli. Nikajisemea, huyu atamshika ng'ombe au ng'ombe ndiye atamshika yeye? Akanawa mikono mpaka viwikoni, akamsemesha Mke Mwenza taratibu, akampima homa, akapapasa kiwele chote kama mtu anayetafuta kitu gizani. Kisha akanitaka nimwonyeshe ninavyokamua. Nikamwonyesha. Nikaanza na ile chuchu mbovu ili nimalizane nayo, nikajifuta mkono kwenye kanga, nikaenda kwenye nzima. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Mama, mgonjwa anakamuliwa mwisho, siyo mwanzo. Mkono wako umembebea ugonjwa mlango kwa mlango."

Nikamweleza habari ya zile chuchu tatu. Akasema dawa haikai pale unapoiweka, inaingia kwenye damu, inatokea kwenye chuchu nyingine. "Chachu ya wifi yako ni vijidudu hai," akasema. "Dawa hii kazi yake ni kuua vijidudu. Yeye anapanda, wewe unampelekea sumu ya kuua mbegu zake." Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimekuapia kwamba sijatia kitu, na sikusema uongo, lakini kitu kilikuwemo.

Kopo likaletwa mezani. Fundi seremala alikuja na kofia yake mkononi kama yuko msibani, mama mshonaji akaja na futi ya kupimia shingoni. Daktari akatoa kimoja kimoja. Vingine muda wake ulishapita, vingine jua lilivipika vikabadilika rangi. Akauliza, "Nani kati yenu aliwahi kumaliza dawa yote aliyoandikiwa?" Tukatazamana. Fundi akasema, "Daktari, kumaliza peke yako ni uchoyo."

Wifi, yule binti alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema ukimpa ng'ombe dawa nusu, wanakufa wadudu dhaifu, wanabaki wale wagumu. Hao wagumu ndio wanaozaana. Mwenzako naye anampa nusu, wanabaki wagumu zaidi. Kopo likizunguka, wadudu nao wanazunguka, na kila nyumba wanajifunza kitu. Mwisho dawa inakuwa kama maji kwao. Hao ndio wanaitwa sugu.

Mama mshonaji akaweka mkono kifuani. "Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa tunagawana ugonjwa?"

"Mlikuwa mnapendana," daktari akasema. "Upendo ubaki. Kopo ndilo liondoke."

Kaka yako akaita kutoka ndani, "Daktari mwanangu, na mimi nilikuwa naliangalia sana hilo kopo kwa ajili ya mgongo." Binti wa watu akaruka kwenye kiti. "Umetumia kitu humo, baba?" Kaka yako akasema hapana, mkewe alimnyima. Ni kweli, nilimnyima, lakini siyo kwa busara. Nilimwambia dawa za ng'ombe zisije zikamwongezea hamu ya majani.

Hakumtibu siku ile ile kama nilivyotegemea. Alimchoma sindano ya homa na maumivu tu. Akaifuta ile chuchu kwa spiriti, akakamulia kwenye kichupa kisafi, akasema kinakwenda maabara, huko watawajaribu wadudu kwa dawa mbalimbali waone ipi inawaweza. "Mnisubiri," akasema, "nikikisia nitakuwa sawa na kopo." Kungoja kule, wifi, nilikuwa roho juu. Kaka yako aliburuta godoro mpaka mlango wa banda, mgongo na vyote, akawa anamsimulia Mke Mwenza habari za ujana wake. Nikamwambia muonee huruma, ni mgonjwa.

Majibu yalikuja na daktari mwenyewe. Dawa zile mbili za koponi hazina kazi tena kwa wadudu hawa. Ipo moja inayowaweza. Nikamuuliza, nayo ikishindwa? Akasema zipo kali zaidi, lakini hizo haziletwi bandani, zinatunzwa kwa ajili ya watu walio mahututi, na tukizizoesha wadudu huku, siku moja zitashindwa kule. Nikawakumbuka wale wagonjwa wako wanaokataa vyote ila mtindi. Sikuuliza tena.

Sasa sikiliza hili. Wakati daktari anafunga mkoba, mama mshonaji akasema, "Na keni ya wifi wa mjini nani ataijaza?" Daktari akawapima ng'ombe wao. Wa fundi ni wazima, hawajaguswa na dawa yoyote. Wa mama mshonaji mmoja ana ugonjwa kama wa kwetu, naye anatibiwa, mwingine ni mzima. Tangu jana keni unayopokea imejazwa kwa maziwa ya nyumba tatu. Mimi natoa ya wale wawili tu. Sikuwaomba, wifi. Nilisimama kwenye uzio nikalia, fundi akaniambia nisimlilie kwenye maziwa, nitaongeza maji.

Wifi yako wa bandani


Tarehe 2 Aprili

Wifi yangu,

Umeganda. Nimefunua sufuria alfajiri baada ya sala, nimeiinamisha, mtindi haukumwagika. Nimemwita kila mtu ndani ya nyumba waje waangalie, wakaniuliza kama nimeumwa.

Mpishi mkuu nilimfuata mwenyewe. Ningeweza kusingizia baridi. Nikamweleza ukweli wote, kopo na chuchu tatu na mgonjwa anayekamuliwa mwisho. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa unajua kina nini." Ameanza na ndoo nusu, mpaka daktari atakapompa neno juu ya ng'ombe wote.

Na mimi nina langu la kukuambia. Keni za kwanza za nyumba tatu niliziogopa, nikanunua maziwa kwa mtu mwingine, zenu nikaziacha nje ya mlango. Dereva alijua, nikamwomba asikuambie. Leo ameniuliza kama sasa anaruhusiwa kusahau. Nimemwambia asahau. Washukuru fundi na mama mshonaji, waambie mtindi wao umekwenda wodini na bakuli zimerudi tupu.

Mke Mwenza vipi? Hujaniambia kama atapona kabisa. Nauliza kwa hofu.

Wifi yako wa mjini


Tarehe 20 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Natumaini wewe na wote humo ndani mko salama. Sisi ni wazima, na leo ninaweza kusema wote bila kumruka mtu.

Amepona, lakini ile chuchu imekufa. Daktari alisema mapema kwamba tumechelewa sana, imekauka, haitatoa maziwa tena. Mke Mwenza atakamuliwa tatu maisha yake yote. Kaka yako akasema, "Mimi nina miguu miwili na sitembei, yeye ana chuchu tatu na anatulisha. Nani amlilie mwenzake?" Ndiyo, amesimama siku hizi, anatembea na fimbo mpaka bandani. Anamsalimia yeye kwanza, kama zamani. Nimemsamehe.

Nataka nikuambie jambo nililolifanya, maana hakuna aliyeliona ila Mungu. Tulipokuwa katikati ya dawa, uvimbe ulishuka wote. Kiwele laini, anakula, anapiga mkia. Na kibomba kimebaki. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, wifi. Nilijikuta nimesimama kwenye ile nguzo, kibomba mkononi, nikimfikiria mama mshonaji na ng'ombe wake. Nikaona kabisa ni dhambi kumtilia dawa ng'ombe aliyepona wakati wa jirani bado anaumwa. Halafu nikakumbuka wa jirani ana dawa yake mwenyewe, aliyoandikiwa yeye. Nikarudi nikamtia Mke Mwenza kama nilivyoagizwa. Sijawahi kuona ugumu wa kumaliza kitu.

Baada ya dawa ya mwisho tulingoja siku zote alizoagiza daktari, nikiyafukia maziwa meupe mazuri kabisa, na moyo unaniuma kila nikimwaga. Juzi daktari akachukua kichupa, akayapima ofisini kwake. Hayana dawa. Amesema ameshampa mpishi wako neno.

Kopo halikutupwa. Dawa za zamani daktari alizibeba akaziteketeze. Kopo fundi amelitoboa tundu chini maji yasituame, limerudi kwenye nguzo. Sasa humo vinakaa vitambaa safi vya kufutia viwele, kila nyumba na rangi yake, na kikombe cheusi cha kukamulia matone ya kwanza ili mabonge yaonekane mapema. Na ile sabuni yako ya kuogea wageni nimeitoa mafichoni. Imo humo. Kila anayekwenda kukamua anaanza kwa kunawa na sabuni yako, kwa hiyo kuna mikono ya nyumba tatu huku inakushukuru asubuhi na jioni, nayo inanukia maua. Fundi anasema ng'ombe wake wamemwuliza anakwenda harusi ya nani.

Keni ya leo ina uzi mwekundu kwenye mshikio. Hiyo ni ya Mke Mwenza peke yake, sijaichanganya na ya mtu. Igandishe yenyewe, katika ile sufuria yako ya kwanza.

Nijibu upesi, wifi, kwa gari hili hili la kesho. Habari nyingine zisubiri. Niambie tu ulipoinamisha sufuria ulionaje.

Wifi yako wa bandani